Siku 13 kwenda Gombe na kurudi, nikiwa na mtoki shingoni

Safari niliipanga ya siku 6: Tabora, Kigoma, Gombe, nyumbani. Ikawa 13, na kisa chenyewe ni uvimbe wa ukubwa wa harage chini ya taya langu la kulia. Nimeikusanya kutoka kwenye daftari lililolowa maji ya ziwa na picha za simu. Bei ni zile nilizolipa mimi mwezi Novemba. Ukienda wewe, uliza upya.

Kwa asiyenijua: mimi ni mteknolojia wa maabara, upande wa tishu. Daktari akikata uvimbe, kipande huletwa kwangu nikiandae kitazamike kwa hadubini. Vingi ninavyopokea ni tezi za limfu, zile ambazo zikivimba bibi zetu huziita mitoki. Mwili una kama 600 hivi. Nimezikata kwa miaka tisa kama mtu anavyokata vitunguu, mpaka siku niliposoma kwamba swali moja kubwa kuhusu virusi vya jamii ya ukimwi lilijibiwa kwa tezi za sokwe waliofia kwenye vilima vya Gombe, hifadhi ya sokwe kule Kigoma. Mkoa wa jirani! Nikaomba likizo.

Siku ya 1, Alhamisi. Stesheni ya Tabora

Treni ilikuwa ipite saa 1 jioni. Saa 2 tukaambiwa mvua imekula tuta huko nyuma. Saa 5 hatukuambiwa kitu.

Tabora ni njia panda ya reli, kwa hiyo watu hawaishi kuja. Walikuja wa bajaji, wakaja wa vijijini na madumu ya asali, ikaja treni ya upande wa Mwanza ikamwaga wengine. Wanaoingia wengi, anayetoka hakuna. Kufika saa 6 usiku huoni sakafu. Nikiwa nimebanwa kati ya gunia la karanga na sanduku la mtu, nikagundua natazama kitu ninachokitazama kazini kila siku: tezi inayovimba.

Siku za kawaida seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, ni abiria wa kupita. Zinaingia kwenye tezi kutoka kwenye damu, zinazungukazunguka humo nusu siku au siku nzima zikipapasa huku na kule, zisipokuta jambo zinatoka na mfereji wa limfu, zinarudi kwenye damu, zinaingia tezi nyingine. Mzunguko huo aliuonyesha mtafiti James Gowans kule Oxford, kwa panya, miaka ya 1950 kuelekea 1960. Kabla yake hakuna aliyejua hasa limfosaiti, ukoo wa seli ambamo seli T zimo, zina kazi gani. Sasa virusi vikiingia mwilini, tezi inafunga mlango wa kutokea huku wa kuingilia ukizidi kupanuka. Ndiyo maana inaanza kuvimba hata kabla seli hazijaanza kuzaliana. Na ina haki ya kufunga: seli T yenye uwezo wa kukitambua kipande fulani cha kirusi inaweza kuwa moja kati ya laki moja, pengine moja kati ya milioni. Ukimtafuta mtu mmoja wa namna hiyo, huwezi kuruhusu watu waondoke stesheni.

Mama niliyekaa naye benchi alikuwa na mtoto wa kama miaka minne. Mtoto akalala mapajani kwangu, pua zote mbili zinatiririka, akanipigia chafya usoni mara tatu. Mama yake akaomba radhi, akanimegea chapati. Mtoto huyo mshike akilini.

Siku ya 2, Ijumaa. Relini

Iliingia saa 10 na nusu alfajiri. Nilikata daraja la tatu, nauli haikufika sh. 20,000. Tabora hadi Kigoma kwa reli ni kama kilomita 400. Njia hii ilifika ziwani mwaka 1914, enzi za Wajerumani. Urambo nililala. Kaliua nililala. Nguruka niliamshwa na harufu.

Ukiamshwa Nguruka usijifanye huna njaa. Dirishani kulikuwa na mikono kumi: samaki wa kukaanga, kuku, ndizi, mayai yenye chumvi kwenye kikaratasi. Nilipata samaki na ugali wa muhogo kwenye mfuko kwa sh. 4,000, nikala kwa vidole huku treni inaondoka na muuzaji anakimbia nayo akidai chenji ya abiria mwingine.

Hapo akapanda bibi mwenye ndoo ya asali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wapi?"

"Kigoma. Naenda kuona sokwe."

"Sokwe." Akanitazama kuanzia viatu. "Wamekufanyia nini?"

Nilipomweleza kazi yangu akaguna. "Mtoki haukatwi. Mtoki unakandwa na maji ya moto, unarudi."

"Sisi tunakata ule uliokataa kurudi, bibi."

Akanyamaza mpaka tumevuka mto Malagarasi, maji yametanda kwenye nyasi hadi jicho linapoishia. Kisha akasema, kama hatukuwa tumenyamaza: "Basi sawa. Ule uliokataa, kata."

Naomba nimuunge mkono hapa hapa. Mtoki unaouma na kuteleza chini ya kidole, uliokuja na kidonda au mafua, mara nyingi hunywea wenyewe. Uliokaa wiki kadhaa, mgumu, usiouma, unaozidi kukua, au uliokuja na kukonda na jasho la usiku, upelekeni hospitali. Kifua kikuu cha tezi kinaanza hivyo, na saratani nyingine pia.

Uvinza walipakia chumvi. Kigoma tukashuka saa 11:40 jioni. Bajaji hadi Mwanga sh. 3,000, gesti sh. 25,000 kwa usiku, maji ya ndoo lakini shuka safi.

Kwa wanaofuata: beba maji lita 3, karatasi za chooni na shuka. Usibebe chakula, chakula kinakuja chenyewe. Na usipange jambo la lazima kwa siku unayotarajia kufika.

Siku ya 3, Jumamosi. Ujiji

Nilikwenda Ujiji kwa daladala kuona mahali pa miembe ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Dakika arobaini zinatosha. Chakula cha mchana ndicho kilichonikaa: mgebuka wa kukaanga, ugali wa muhogo, na mchuzi wa mawese mwekundu ambao haukutoka kwenye kucha hadi Jumatatu. Sh. 6,000.

Usiku koo likaanza kuwasha.

Siku ya 4, Jumapili. Gesti

Asubuhi nilikuwa kama nimemeza mchanga. Nikapeleka vidole chini ya taya na kuikuta tezi: mviringo, laini, inateleza, ukibonyeza inauma. Nikahesabu nyuma. Chafya tatu Alhamisi usiku, leo Jumapili. Hesabu ikakaa sawa.

Kwa hiyo nililala na kuitafakari tezi yangu mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, maana zinazoletwa kazini kwangu zimeshakufa. Virusi vya mafua huzaliana kwenye ngozi laini ya pua na koo. Humo zimo seli za dendritiki, zina mikono mingi kama mizizi. Zikinasa vipande vya kirusi huacha kunasa, hung'oka, hushuka na limfu hadi tezi ya karibu; safari ya kama siku moja. Zikifika hazipigani na mtu. Zinasimama na kuonyesha zilichobeba, huku seli T zikipita na kugusa, mamia kwa saa. Ile moja yenye kutambua ikigusa, inaganda pale. Baada ya muda inaanza kugawanyika, mbili, nne, nane, na ndani ya siku chache ni jeshi linaloruhusiwa kutoka.

Aliyezigundua hizo seli za dendritiki ni mtafiti Ralph Steinman, New York, mwaka 1973, na kwa miaka mingi wenzake hawakumsadiki. Tuzo ya Nobel ya 2011 ilipotangazwa alikuwa amefariki siku 3 kabla na kamati haikuwa na habari. Waliiacha tuzo iwe yake.

Mama mwenye gesti hakuhitaji maelezo hayo. "Pole mwanangu," akaleta birika la mchaichai na tangawizi, nikaongeza asali ya nyumbani. Hakuniongezea bili. Nilimwachia chupa ya asali iliyobaki.

Boti za abiria za kwenda upande wa Gombe hazisafiri Jumapili, kwa hiyo kulala sikupoteza kitu. Hivyo nilidhani.

Siku ya 5, Jumatatu. Kibirizi

Kibirizi ni ufukwe wa boti, kaskazini kidogo ya mji, bajaji sh. 3,000. Boti huondoka mchana, si asubuhi, ila fika mapema. Kaka mwongozaji niliyekuwa nawasiliana naye alinipokea kwa furaha, nikafungua kinywa kumsalimia, nikapiga chafya.

Akarudi nyuma hatua mbili.

"Dada, hayo ni mafua?"

"Vumbi tu, kaka."

"Vumbi haliharibu sauti."

Nikajitetea kwamba nina barakoa, kwamba nitakaa mbali. Hakupandisha sauti. Akasema, "Uganda waliwahi kufa watano kwa mafua kama hayo yako," akanishikia begi na kunirudisha hadi kwenye bajaji.

Ni kweli, na ni mimi niliyepaswa kumwambia yeye. Mwaka 2013, jamii ya sokwe wa Kanyawara katika msitu wa Kibale ilipoteza sokwe 5 kati ya 56, na kilichopatikana ni rinovirusi C, kirusi kinachowapa watoto wetu mafua ya kawaida. Gombe penyewe mwaka 1966 palizuka ugonjwa wa kupooza uliofanana na polio, na maradhi ya kifua yamewaua sokwe wengi pale kuliko ugonjwa mwingine wowote. Wana tezi kama zetu na seli kama zetu, ila hawajaishi na virusi vyetu.

Niliondoka nimenuna. Mtu mwenye miaka tisa ya hadubini, kusema "vumbi tu"! Aibu ilinijia jioni, nikiwa nakula peke yangu.

Nikapiga simu kazini. Likizo yangu ilikuwa siku 14, namshukuru aliyenishauri nisiikate.

Siku ya 6 hadi ya 9. Kungoja

Nililala, nikala mgebuka, nikafua, nikalala.

Jumatano tu ndiyo ya kusimulia. Niliteremka Kibirizi kununua dagaa, mbali na watu, barakoa usoni. Akina mama walikuwa wanawaanika kwenye vichanja vya nyavu, wanawageuza kwa kiganja kilicho wazi, taratibu, kama mtu anayelainisha shuka. Jua likiwapata dagaa wanawaka kama bati jipya. Kilo sh. 28,000, na walinicheka nilipoomba punguzo.

Pembeni alikaa mtoto wa kiume, mguu mmoja kaunyoosha. Alikanyaga mfupa wa samaki, kidole kimevimba, na mama yake akanionyesha kinena: mtoki. Aliuliza mbona kidonda kipo chini na uvimbe upo juu. Nikamweleza kwamba maji ya limfu ya mguu mzima hupita kinenani, kwa hiyo taarifa za mguu hupokelewa pale; za mkono hupokelewa kwapani; za koo ndizo hizi. Nikashusha barakoa kidogo nimwonyeshe mtoki wangu kwa mbali.

"Kwa hiyo mtoki si ugonjwa," akasema.

"Ni kikao, mama. Ugonjwa uko kidoleni."

"Basi kikao kinaniliza mtoto." Akacheka, lakini jioni ile ile walikwenda zahanati kusafishwa kidonda, nilifurahi.

Koo langu lilipona siku ya 7, pua ikakauka siku ya 8. Tezi haikuondoka. Watu huhofia hilo: mafua yamekwisha, mbona bado? Sababu ni kwamba seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, ndiyo kwanza zimeshika kasi. Kwenye kioo cha hadubini huwa naona duara jepesi katikati ya vikuba vya tezi, yale mafungu ya seli B, na huchukua kama wiki kujitokeza. Humo seli B huzaliana huku zikibadilishabadilisha kingamwili zake kidogo kidogo. Inayoshika kirusi vizuri zaidi inabaki hai. Iliyoshindwa inakufa na kuliwa papo hapo na seli walaji ziitwazo makrofaji, na mabaki yake huyaona matumboni mwao kama punje nyeusi. Kazi hiyo huendelea wiki kadhaa mgonjwa akiwa ameshasahau.

Siku ya 10, Jumamosi. Ziwani

Yule kaka alinisikiliza nikiongea dakika tano nzima kabla ya kusema twende.

Boti sh. 5,000. Nilikaa juu ya magunia ya sembe, miguu juu ya kreti za soda. Hakuna kivuli, chukua khanga na koti la kuokolea, ukikosa koti omba, usione haya. Viingilio vya hifadhi hulipwa kwa kumbukumbu namba, si fedha mkononi, kwa hiyo kamilisha mjini penye mtandao. Mwenye kitambulisho cha Mtanzania hulipa kidogo sana kuliko mgeni.

Mzee mmoja aliyekuwa anakwenda Mwamgongo alipojua niendako akauliza kwa sauti ya kuwafikia wote: "Si ndio hao walioleta ukimwi?" Boti ikatulia, injini tu. Nikajibu hapana, mzee wangu. Kirusi kilichosambaa duniani kilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni. Hawa wa Gombe ni wa tawi jingine, wana kirusi cha ukoo ule ule kiitwacho SIV, lakini hicho cha kwao si chanzo cha janga letu. "Kumbe nao wanaumwa?" akauliza. Hilo ndilo swali lililonitoa Tabora.

Tulifika Kasekela, kambi ya Gombe, baada ya saa mbili na nusu. Jioni, milango imefungwa kwa ajili ya nyani wezi, nilikaa na mhifadhi mmoja kwenye taa ya sola, tukabadilishana tunayoyajua.

Zamani ilidhaniwa SIV haimdhuru sokwe. Watafiti wakawafuatilia sokwe 94 wa jamii mbili za hapa kwa miaka 9, bila kumchoma sindano hata mmoja. Walikusanya kinyesi na mkojo na kutafuta dalili za kirusi humo. 17 walikuwa nacho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: wenye kirusi walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri huo huo, na majike wenye kirusi walizaa kwa nadra, watoto wao wakafa zaidi. Lakini kuhesabu maiti hakukuambii kilichowaua. Wakafungua wengu na tezi za sokwe watano, watatu wenye kirusi na wawili wasio nacho. Kwa wale watatu wote seli za CD4, yaani zile seli T ambazo kirusi hiki huzilenga, zilikuwa zimepungua vibaya. Jike mmoja, aliyekufa kabla ya miaka 3 tangu aambukizwe, tishu zake zilikuwa za mtu wa ukimwi wa hatua ya mwisho.

Kwa mmoja wao virusi vilikutwa vimejaa ndani ya vile vikuba, vimenaswa kwenye mikono ya seli ambazo kazi yake ni kushikilia vipande vya virusi muda mrefu ili seli B zije zijipime navyo, na seli T za CD4 husimama hapo hapo kusimamia. Kwa mafua yangu huo ni utaratibu mzuri. Kwa kirusi kinachowinda CD4 ni sawa na kumleta mwizi hadi barazani. Ndiyo maana damu peke yake haisemi yote: ina kama limfosaiti 2 tu kati ya kila 100 za mwili. Nyingine ziko kwenye tezi, wengu na utumbo, na kwa binadamu anayemeza dawa vizuri, huko ndiko mabaki ya kirusi yanakojificha.

Mhifadhi alisikiliza hadi mwisho. "Nyie mnawajua kwa ndani," akasema. "Sisi tunawajua kwa sura. Huyo jike wenzangu walimlilia."

Siku ya 11, Jumapili. Msituni

Kupanda ni kugumu. Shika mizizi, usishike nyasi. Saa mbili na nusu tukasikia kelele zao bondeni, dakika ishirini baadaye tukawafikia. Barakoa usoni, umbali wa kutosha, saa moja tu kwa saa ya mhifadhi.

Novemba ni msimu wa mchwa. Jike alikaa kwenye kichuguu, kachuma bua la nyasi, kalinyoosha kwa midomo, kalitumbukiza tundu polepole. Alisubiri. Alipolitoa lilikuwa limejaa mchwa waliong'ata na kukataa kuachia, akalipitisha mdomoni kama mtu anayekula mshikaki. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefika hapa 14 Julai 1960, aliona jambo hili hili mwaka ule ule. Mtoto mdogo wa yule jike alijaribu na bua lililopinda, akakosa, akahamia mgongoni kwa mama. Baadaye mama akaacha mchwa na kuanza kumchambua nywele, akamwinua mkono, akachambua kwapani taratibu, kidole kikirudi pale pale mara kadhaa.

Nilisahau kupiga picha. Picha niliyo nayo ni ya mgongo wa mhifadhi akinionyesha saa.

Siku ya 12 na 13

Boti za kurudi hupita asubuhi sana. Mhifadhi aliipungia yetu kwa tochi. Siku iliyofuata nilipanda basi la alfajiri hadi Tabora, sh. 30,000, na dagaa wangu wakanuka basi zima. Kondakta alinihamishia kiti cha nyuma.

Jumatano kazini nilikuta vitalu vinne vya nta, kila kimoja na kipande cha tishu ndani, vinanisubiri. Cha kwanza kilikuwa tezi ya kwapa. Nikakifunga kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba, mikroni 4, nikazungusha mpini, utepe ukatoka umejikunja kidogo kwenye ncha. Niliuinua kwa brashi na kuuweka juu ya maji ya vuguvugu, nikainama karibu kuliko kawaida yangu, nikauangalia ukijinyoosha.